Maji ya Miguu ya Mama Mkwe

Kuna wakati niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba sukari ya mgonjwa wa kisukari huteremka polepole mpaka miguuni na kukaa huko, kama ile inayobaki chini ya kikombe cha chai ambacho hakikukorogwa. Aliyeniambia alikuwa mteja wangu pale Karurumo, kwenye mashine yangu ya kusaga unga. Alikuwa akisubiri zamu yake, ameketi juu ya gunia la mahindi kama chifu. Alisema dawa ni maji moto na chumvi. Unailoweka miguu ya mgonjwa, sukari inayeyuka, inatokea kwenye nyayo, unaimwaga nje, basi. Na ushahidi alikuwa nao. Binamu yake, mkulima wa ndizi kule Mitunguu, alilowekwa hivyo jioni moja, na maji yalipomwagwa uani sisimizi walikuja kutoka pembe zote za Imenti Kusini, wengine wamebeba watoto mgongoni.

Msidhani niliimeza habari hiyo kavu kavu. Mimi ni mtu niliyesoma. Ni kweli nilisoma usiku, baada ya kufunga mashine, nikiwa mweupe kwa unga hadi kope, nimejikunja kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili mpaka magoti yakawa jirani ya masikio. Lakini cheti cha kidato cha nne ninacho, na mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha vizuri kwamba kitu kizito huzama na kwamba sukari huyeyuka upesi zaidi katika maji moto. Kwa hiyo niliichukua ile habari ya sisimizi, nikaipima kwa elimu yangu, nikaona imepita mtihani.

Miezi michache baadaye mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi.

Alitoka kwake karibu na Siakago, kwenye joto na vumbi, kwa sababu sukari yake ilikuwa imekataa kushuka na alitakiwa kuhudhuria kliniki Embu mjini mara kwa mara. Mke wangu alimtandikia chumba cha binti zetu, ambao wote walikuwa wameshaolewa. Mimi nilihamishia maisha yangu upande wa pili wa nyumba. Wenye mila kama yetu wanaelewa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaishi ovyo ovyo. Huingii anakolala. Humkodolei macho. Mkikutana penye njia nyembamba, mmoja wenu anajitosa katikati ya mikahawa na kujifanya anakagua majani. Siku ya harusi yangu nilijitosa namna hiyo mara nyingi hivi kwamba watu walidhani nimeajiriwa na bodi ya kahawa. Mikono yake niliijua, kwa sababu ndiyo iliyopokea mbuzi wangu. Miguu yake sikuwa nimeiona hata siku moja, na sikuwa na mpango.

Basi, binti yetu aliyeolewa Mitunguu akajifungua, na mke wangu akaitwa kumhudumia mzazi. Alifunga mzigo huku akinipa maagizo kama anaacha serikali. Dawa za mama ni asubuhi na jioni, kabla ya chakula. Chakula kitaletwa na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwenye saluni. Na mama atakuja Mitunguu siku ya ubatizo wa mtoto, kwa hiyo huyo jirani amtengeneze miguu kabla ya hapo, kwa sababu magaga ya visigino vyake yalikuwa yakikamata nyuzi za blanketi na kucha za vidole gumba zilikuwa zimeanza kujikunja.

Aliposema miguu, mimi nikakumbuka sisimizi.

Jioni hiyo hiyo nilichemsha maji. Jiko lilinguruma kama lori la mchanga linapopanda mlima. Niliyamimina kwenye beseni, nikatia kiganja cha chumvi, nikaongeza maji baridi kidogo kwa heshima ya ukoo, nikaliweka beseni mlangoni pake, nikagonga, nikarudi jikoni upesi. Nilimweleza kutoka huko, kwa sauti, habari za sukari na maji. Halafu nikasikia beseni likivutwa ndani, na baada ya muda kidogo sauti yake: "Baba, maji haya yamepoa."

Nikapeleka birika, nikaliacha mlangoni. Akaongeza mwenyewe. Akashukuru.

Ikawa ndiyo kazi yetu kila jioni. Na kila jioni maji yalikuwa yamepoa. Nikapunguza yale baridi, nikayaacha kabisa, bado akasema ni kama ya mtoni. Wala sikuona ajabu. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba sukari iliyoko huko chini ni nyingi mno, ndiyo inayokula joto lote, na siku sukari hiyo ikiisha atalia mwenyewe kwamba maji yanachoma. Kwenye mashine niliwahubiria wateja. Wengine walienda nyumbani kabla hata ya kusaga.

Halafu ikaja jioni niliyokwenda kumwaga maji baada ya yeye kumaliza. Alikuwa amelisukuma beseni nje kama kawaida na kufunga mlango. Yalikuwa yamekaa muda mrefu, maana nilikuwa nimesikiliza taarifa ya habari yote, pamoja na michezo. Nililibeba mpaka kwenye sukuma wiki, mkono ukateleza, maji yakanimwagikia kiganjani.

Nililiacha beseni lianguke. Mkono wangu ni mkono wa mashine, umepigwa na mikanda na kuchomwa na bomba la moshi, na hauna utani. Lakini yale maji yaliuchoma. Baada ya muda wote ule, bado yalikuwa yakichoma. Nikasimama pale kati ya mboga nikijiuliza yalikuwaje wakati miguu ya mtu inaingia ndani. Na juu ya jani moja la sukuma, mahali maji yalipopita, palibaki kitu cheupe, chembamba, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nilikigeuza kwa kijiti. Kilikuwa ngozi.

Sisimizi niliwatazamia pia, sitadanganya. Hakuja hata mmoja.

Nikaenda mlangoni kwake, nikasimama kwa mbali, nikauliza miguu inaendeleaje.

"Mizuri," akasema. "Hainiumi hata kidogo."

Jibu hilo lilinitisha kuliko kilio. Nilikuwa namfahamu mwalimu mmoja mstaafu upande wa Runyenjes aliyekuwa na sukari. Alijikata kucha kwa wembe, akaichokoa pembeni na kujitoboa kidogo, akasema haimuumi. Kidole kikaenda. Kisha mguu hadi chini ya goti. Nilikuwa nimemsalimia akiwa kwenye magongo nikasema Mungu ni mwema, nikaenda zangu. Sasa huyo mwalimu alinijia usingizini akiwa na magongo mawili, moja lake, moja la mama mkwe wangu.

Asubuhi nilimpigia mke wangu simu. Nilimweleza yote, hata lile jani la sukuma, ingawa nililifikia kwa kuzunguka sana. Akaniuliza miguu yenyewe ikoje. Nikamwambia sijui, nitaionaje? Akaniuliza kama ninataka aitazame yeye kutoka Mitunguu kwa darubini. Nikamkumbusha mila. Akasema polepole:

"Baba watoto, mguu wa mama unauogopa kuliko kaburi lake?"

Nilikata simu nikiwa nimelowa jasho, nami sikuwa nimebeba hata debe moja. Lakini kuingia sikuweza. Niliufikia ule mlango, mkono ukagoma kwenye komeo. Nikaona njia ya katikati: nikamwite jirani wa saluni aje kutengeneza miguu kama ilivyopangwa, aone kwa niaba yangu.

Alikuja na zana zake zote: beseni, brashi, jiwe la kusugulia, mkasi, kopo la mafuta na pakiti ya nyembe. Mwanamke mcheshi, anayeweza kukusuka huku akisuluhisha ugomvi wa nyumba tatu. Aliingia akimwita mama mkwe wangu cucu, yaani nyanya, mrembo wa ubatizo. Mimi nilibaki ukumbini, nimeupa mlango mgongo, nikitazama kalenda ya ukutani.

Nilisikia kicheko. Nikasikia kiti kikivutwa. Kisha kicheko kikakatika.

"Mzee," jirani akaita, "hii miguu imefanywa nini?"

Akasema kuna malengelenge, mengine yamepasuka, na ngozi inaning'inia katikati ya vidole. Akasema asitie shaka cucu, ataikata hiyo ngozi iliyokufa, atoboe lile lengelenge kubwa litoe maji, akwangue na ile sugu ya chini, halafu apake mafuta, itakauka. Nikasikia karatasi ya wembe ikifunguliwa. Sauti ndogo tu hiyo, kama kufungua peremende, lakini ilinipita uti wa mgongo wote hadi kisogoni.

"Weka huo wembe chini," nikasema.

"Mzee, wewe hujaona ninachoona."

"Ndiyo maana nakuomba uuweke chini."

Akasema kwa hasira kidogo kwamba watu wote wa Karurumo anawakata yeye, na hakuna aliyewahi kufa kwa kisigino. Nikamwambia watu wote wa Karurumo wakikatwa wanapiga kelele, na huyu hatapiga. Nadhani hapo ndipo alipomgusa kwenye mguu na kumuuliza kama anasikia, maana nilimsikia mama mkwe wangu akijibu kwa kuuliza, "Kwani umeanza?"

Mimi niliendelea kutazama kalenda bila kuona hata tarehe. Kisha sauti ya yule mama ikaja, tulivu, kama mtu anayeomba chumvi mezani.

"Mwambie aingie."

Jirani akasema cucu, huyu ni mkwe wako.

"Najua ni nani. Mimi nitajifunika uso. Yeye aangalie mguu."

Nilipogeuka alikuwa ameketi kitandani, leso imemfunika kutoka kichwani hadi kifuani, hata pua haionekani, na miguu yote miwili imenyooshwa mbele juu ya taulo. Sitasahau. Mila yote ya kwetu ilikuwa imepandishwa juu kwa leso ile, na chini pakabaki wazi. Niliingia nikitazama sakafu, na sakafu ikanifikisha kwenye miguu.

Mguu wa kushoto ulikuwa mwekundu juu ya vidole vyote. Lengelenge lilikuwa kubwa kama yai la bata, na nikisema bata nimejizuia. Wa kulia ndio ulionimaliza. Kidole kidogo kilikuwa kimechubuka kabisa, rangi yake imeanza kuwa ya zambarau iliyoiva, na palikuwa na harufu hafifu ambayo si ya chumvi. Mtu mwenye mguu kama huo alipaswa kusikika mpaka Siakago akilia. Yeye alikuwa ameketi chini ya leso yake kama bibi harusi.

"Unaonaje, baba?" akauliza kutoka ndani.

Nikamwambia tunakwenda Embu sasa hivi.

Jirani wa pili ana pikapu ya kubebea matikiti. Tulimkalisha mbele, tukamfunga miguu kwa kitambaa safi kilicholegea, na jirani wa saluni akaja naye, kwa sababu alisema hawezi kubaki akijiuliza. Mimi nilipanda nyuma. Njia nzima nilikikata kile kidole akilini. Nikakirudisha. Nikakikata tena. Tulipofika mjini nilikuwa nimeshamkata miguu yote miwili na kumnunulia kiti cha magurudumu, na nilikuwa nikipanga jinsi ya kupanua mlango wa choo.

Kliniki tulipokewa na daktari mwanamke, kijana kuliko binti zangu. Alisafisha vidonda bila haraka na bila wembe. Akatuuliza ilikuwaje. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe wangu akasema alijimwagia maji mwenyewe. Alisema hivyo akitazama dirishani. Nikabaki na maneno yangu mdomoni kama mtu aliyetafuna ubuyu na hajui pa kutemea mbegu.

Daktari akamwambia afumbe macho. Akatoa uzi mgumu wa plastiki, mfano wa ule wa kuvulia samaki, akaugusisha kwenye kidole gumba mpaka ukapinda. Akamwambia aseme akisikia. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta kwa adabu, kwa hiyo niliambulia ukimya tu. Uzi ulikuwa ukigusa, najua, kwa sababu jirani wa saluni alikuwa amesimama pembeni na nilisikia pumzi yake kila mara. Vidole, kimya. Wayo, kimya. Kisigino, kimya. Nilitamani kumjibia. Nilitamani aseme uongo, aseme "hapo" hata kama hasikii kitu. Ulipofika juu ya kifundo, ndipo akasema, "Sasa umeanza."

Daktari alimweleza jirani wa saluni mambo mengi, maana alizitambua zana zake mfukoni. Sugu na magaga ya mtu wa namna hii yasikwanguliwe kwa wembe. Kucha zikatwe kwa mstari mnyoofu, moja kwa moja, zisichimbwe pembeni. Mkasi usafishwe, na ukiona kidonda, acha kazi, mlete. Jirani aliuliza maswali yote niliyotaka kuuliza na mengine ambayo sikuyajua. Tangu hapo akipata mteja mzee humuuliza habari za sukari kabla hata ya bei. Mimi niliuliza moja tu: kidole kitabaki?

"Sijui bado," daktari akasema. "Tutakiangalia."

Neno hilo nililibeba wiki nyingi. Mke wangu alirudi, akaona, akalia kidogo, kisha akaacha kunisemesha kwa muda ambao mimi nitaita miaka saba. Kila mara tuliporudi kliniki nilisimama ukutani kwangu na kusikiliza bandeji ikifunguliwa. Siku moja daktari alisema "hmm", na hiyo hmm ilinikosesha chakula mpaka mashine ikaniendesha yenyewe. Usaha ulirudi. Dawa zikabadilishwa. Sindano za sukari zikaanza. Mtoto wa Mitunguu akabatizwa bila mama mkwe wangu, naye alipoletewa picha aliitazama kwa muda mrefu, akasema mtoto ana miguu mizuri.

Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akinipa moyo, kutoka chumba cha pili. Jioni moja alinisikia nikitembea tembea ukumbini.

"Baba, keti," akasema. "Nimesikia wakwe wanaomchinjia mama mkwe mbuzi. Wangu akaona mbuzi ni gharama, akanipika mimi."

Nilisikia mke wangu akicheka kwa mara ya kwanza. Nami nikacheka, ingawa kile kidole kilikuwa bado hakijatoa jibu.

Kilitoa polepole. Weusi uliishia kwenye kucha, kucha ikaanguka, na chini yake pakaota ngozi ya waridi, laini kama ya yule mtoto. Daktari alipotuita tuone, mama mkwe wangu alijifunika leso bila kuambiwa, nami nikageuka bila kuambiwa. Kidole kilikuwepo. Kidogo, kibaya, hakina kucha, lakini kimeshikilia mguu. Nilishikwa na kikohozi nikatoka nje kidogo.

Niliporudi walikuwa wakikusanya vitu vyao, na mama mkwe wangu alikuwa akisema sasa atarudi kwake Siakago. Hapo hofu nyingine ikanishika, mpya kabisa. Kidonda kimepona, sawa. Lakini sukari je? Tangu siku ile hatukuwa tumemloweka tena, na kwa hesabu zangu ilikuwa imejaa huko chini kuliko mwanzo. Akienda nayo hivyo mpaka Siakago, si itamharibu tena? Nikajikaza. Nikamweleza daktari yote: mteja wangu, binamu wa Mitunguu, sisimizi, beseni, birika, na kwamba maji yale niliyachemsha mimi. Kisha nikamuuliza, kwa kuwa maji moto yamekataliwa, hiyo sukari ya miguuni tutaitoa kwa njia gani.

Jirani wa saluni, aliyetusindikiza siku hiyo pia, alitazama dari. Daktari hakucheka. Alivuta kiti akaketi karibu nami.

"Baba, hakuna sukari iliyoteremka miguuni," akasema. "Sukari iko kwenye damu, na damu iko mwili mzima. Inashushwa kwa chakula na dawa. Ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na ya miguuni ndiyo huanza kufa. Ndiyo maana aliona maji yamepoa. Yalikuwa moto, ila yeye hakusikia. Usimloweke tena. Aioshe kwa maji ya uvuguvugu, na mtu anayesikia ayapime kwanza kwa kiwiko. Akaushe katikati ya vidole. Na kila siku mtu amwangalie miguu, juu na chini, awe binti yake au awe wewe."